Mkono wa Kushoto Umezoea Nini? Mafunzo ya Usukani wa Pikipiki kwa Wanagenzi

Utangulizi

Makala haya yamekusudiwa wakufunzi wanaopewa jukumu la kuwafundisha watu wazima kuendesha pikipiki, hasa wale ambao wanafunzi wao watakitumia chombo hicho katika kazi za kila siku. Somo lenyewe huonekana dogo. Walimu wengi hulimaliza kwa asubuhi moja: hii ni klachi, hii ni breki, hapa ndipo pa kuongeza mafuta, haya ondoka. Hata hivyo, somo hili likikosewa, kosa halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Yafaa basi tulitazame kwa makini yale yale tunayoyatumia katika kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kizimbani, kaskazini mashariki ya mji wa Zanzibar, ni mahali panapotudhihirishia haja hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 hapo palikuwa miongoni mwa mashamba ya kwanza ya mikarafuu katika kisiwa cha Unguja, na hadi leo pana utafiti wa kilimo, mafunzo ya kilimo na mashamba ya viungo. Njia ya kutoka mjini hupita Mtoni na Bububu, kisha huiacha pwani na kupanda kupitia Kidichi. Bwana shamba au bibi shamba anayesomea kazi yake huko hatakaa ofisini maisha yake yote. Wakulima wake wamo mashambani, katika vijia ambavyo gari haliviingii, na aghalabu chombo kitakachomfikisha huko ni pikipiki. Mwanafunzi huyo anaweza kuwa hodari wa elimu ya udongo na magonjwa ya mimea, lakini ujuzi wake hautamfaa mkulima yeyote ikiwa hafiki salama.

Mwanafunzi haji mikono mitupu

Kosa la kwanza la mwalimu ni kudhani kwamba mwanagenzi hajui kitu. Kwa kweli anajua mengi, kwa kuwa wengi wao wamekua wakipanda baiskeli. Baiskeli imekwisha kuwapa mizani, imewafundisha kutazama mbali na kuulaza mwili kidogo katika kona. Haya yote ni mali, na mwalimu anayapokea bure.

Lakini baiskeli imefundisha pia jambo jingine. Katika baiskeli nyingi zilizofuata utaratibu wa Kiingereza, mfano wa Raleigh, mkono wa kulia huvuta breki ya mbele na mkono wa kushoto huvuta breki ya nyuma. Ziko baiskeli ambazo mpango huo umegeuzwa, na kwa sababu hiyo mwalimu hana budi kuuliza na kutazama. Hata iweje, mpanda baiskeli amezoea kwamba vidole vya mikono yote miwili ni vidole vya kusimamishia. Hatari inapotokea hafikiri, hufumba viganja.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha kijana mmoja aliyekuwa akipanda baiskeli tangu utotoni. Mizani yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenziwe wote, nami nikajivunia maendeleo yake. Siku ya tatu nilimruhusu aende peke yake hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Alipokuwa njiani, mbuzi alikatiza mbele yake. Kijana akaukamata wenzo wa kushoto kwa nguvu zake zote. Lau ingekuwa baiskeli, ingesimama. Pikipiki haikusimama. Klachi ilikatika, injini ikanguruma, na magurudumu yakaendelea kuviringika huru hadi mtaroni. Alivunjika mfupa wa mkono.

Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Mwalimu, wallahi nilishika breki." Alikuwa akisema kweli. Alishika breki ya baiskeli.

Nilijitetea moyoni kwamba nilimwambia mara nyingi kuwa wenzo wa kushoto ni klachi, na kwamba alipoulizwa alijibu sawasawa. Utetezi huo haukuwa na maana. Ulimi wake ulikuwa umefundishwa, mkono wake haukufundishwa. Sisi walimu husema kwamba yale ambayo mtu amejifunza zamani huweza kuyasaidia mafunzo mapya, na huweza vile vile kuyazuia. Twaisema kanuni hii mbele ya ubao, kisha twaisahau tukifika uwanjani.

Ulinganisho wa vyombo

Ili mwalimu ajue mkono wa mwanafunzi umezoea nini, inampasa kuvijua vyombo vinavyotumika katika mazingira yake. Kisiwani Unguja vipo vya aina nyingi, na wenzo wa kushoto haufanyi kazi moja katika vyote.

Katika pikipiki ya kawaida yenye gia, wenzo wa kushoto ni klachi. Kazi yake ni kuutenga mwendo wa injini na gurudumu la nyuma wakati wa kuondoka, wa kubadili gia na wa kusimama. Gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mkono wa kulia una kazi mbili: kiganja huzungusha kishikio cha mafuta, na vidole huvuta breki ya mbele.

Katika Vespa ya gia, chombo kilichoanza kuundwa na kampuni ya Piaggio nchini Italia mwaka 1946 na ambacho wakazi wa Zanzibar wanakijua vizuri, wenzo wa kushoto ni klachi pia. Lakini kishikio chenyewe cha kushoto huzungushwa pamoja na klachi ili kubadili gia. Mguu wa kushoto hauna kazi. Aliyezoea Vespa akipanda pikipiki hujaribu kukizungusha kishikio ambacho hakizunguki, na mguu wake wa kushoto hukaa kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Katika Honda ndogo za ukoo wa Super Cub, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1958, hakuna wenzo wa klachi kabisa. Klachi hufanya kazi yenyewe, na gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto. Miongoni mwa madhumuni ya mpango huo ni kumwezesha mchukuzi wa chakula kuendesha kwa mkono mmoja. Aliyejifunza kwa chombo hiki mkono wake wa kushoto haujui kazi yoyote ila kushika.

Mwisho, katika skuta zisizo na gia, na katika pikipiki nyingi za umeme ambazo sasa zinaenea, wenzo wa kushoto ni breki ya nyuma, kama ulivyo katika baiskeli tuliyoitaja. Mwanafunzi akitoka katika baiskeli kwenda katika skuta ya namna hii, mazoea yake yatamsaidia. Akitoka katika skuta hiyo kwenda katika pikipiki ya gia, yatamponza.

Ulinganisho huu waonyesha pia jambo la kutia moyo. Katika vyombo vyote hivi vyenye injini au mota, wenzo wa kulia ni breki ya mbele. Mkono wa kushoto hubadili kazi. Mkono wa kulia haubadili. Mwalimu mwenye busara atajenga somo lake juu ya lile lisilobadilika.

Miguu nayo ina historia yake. Pikipiki za Kiingereza za zamani, kama BSA na Triumph za miaka ya 1950, ziliweka gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha tunavyoona leo. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 1974 ilitaka gia iwe kushoto, na kwa kuwa soko la huko lilikuwa kubwa, waundaji wa Uingereza wakafuata. Kwa hiyo mpangilio tunaoufundisha haukutokana na maumbile. Ulitokana na makubaliano ya watu. Mwanafunzi akikosea mguu, asionekane mjinga. Amekosea makubaliano asiyoyazoea.

Kuutayarisha usukani

Kabla ya somo la kwanza, mwalimu aukague usukani mbele ya wanafunzi ili nao wajifunze kuukagua. Mambo manne yatazamwe.

Kwanza, usukani ugeuzwe kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho. Usikwame, wala nyaya zisivutike. Injini ikiwa inaunguruma taratibu na sauti yake ikapanda usukani unapogeuzwa, basi waya wa mafuta umevutika, na chombo hicho hakifai kupandwa na mwanagenzi.

Pili, kishikio cha mafuta kizungushwe na kuachwa. Kinatakiwa kirudi chenyewe upesi. Kisichorudi ni hatari kuliko breki mbovu.

Tatu, nyenzo za klachi na breki ziwe katika mstari mmoja na mkono wa mpandaji anapoketi, ili kifundo cha mkono kisipinde. Skrubu za nyenzo hulegezwa kwa urahisi, lakini wengi huendesha miaka kumi kwa mpangilio wa mtu aliyeinunua pikipiki kabla yao. Mwanafunzi mwenye vidole vifupi asilazimishwe kuufikia wenzo kwa kukiacha kishikio.

Nne, wenzo wa klachi uwe na ulegevu kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Usipokuwa nao kabisa, klachi haishiki sawasawa na itaungua. Ulegevu ukizidi, klachi haitatengana kikamilifu, na gia zitaingia kwa kelele.

Vitufe vya taa, honi na taa za ishara aghalabu huwa upande wa kushoto, na kitufe cha kuzimia injini upande wa kulia. Hivi vifundishwe baadaye. Mwanafunzi anayejifunza mambo kumi kwa wakati mmoja hajifunzi hata moja. Isipokuwa kitufe cha kuzimia injini: hicho kifundishwe siku ya kwanza, pale kinapokuwapo.

Somo la kwanza: injini imezimwa

Pikipiki isimamishwe juu ya stendi ya kati, na ufunguo uwe mfukoni mwa mwalimu. Mwanafunzi aketi, aweke mikono na miguu mahali pake. Wenziwe wasimame kando na watazame, kwani anayetazama kosa la mwenziwe hujifunza bila ya kuumia.

Mwalimu atoe amri tatu tu. Akisema "Punguza", mwanafunzi arudishe kishikio cha mafuta. Akisema "Gia", arudishe mafuta, avute klachi, asogeze gia kwa mguu, kisha aiachie klachi polepole. Gia zisipokubali kuingia zote chombo kikiwa kimesimama, mwalimu alizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, akiziepusha nguo na vidole na mnyororo. Akisema "Simama", mwanafunzi arudishe mafuta, avute breki ya mbele kwa mkono wa kulia, akanyage breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, na mwisho kabisa, gurudumu linapokaribia kusimama, avute klachi ili injini isizimike.

Msisitizo uwekwe katika mfuatano huo. Kulia kwanza, kushoto mwisho. Mwanafunzi aliyetoka katika baiskeli atafanya kinyume, na mara nyingi hatajua kwamba amefanya kinyume. Mwalimu asimgombeze. Aseme tu, "Tazama mkono wako ulipo," na amwache ajione.

Baada ya hapo mwanafunzi afungwe kitambaa machoni na amri zirudiwe. Macho yakifungwa, mkono hulazimika kujua wenyewe. Kisha lifuate zoezi ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha somo zima. Mwalimu aanze mazungumzo ya kawaida: amwulize habari za nyumbani, bei ya samaki, au mechi ya jana. Katikati ya jibu aseme ghafla, "Simama!" Hapo ndipo ukweli hudhihirika. Aliyejibu mara ishirini bila ya kosa alipokuwa akingojea amri, sasa hufumba kiganja cha kushoto. Mimi humrudisha mwanafunzi kesho yake mpaka aweze kutii amri ya ghafla mara ishirini mfululizo. Wengine huona uvivu kukaa siku mbili juu ya pikipiki isiyokwenda. Huwaeleza habari za mbuzi, nao huvumilia.

Inafaa pia kumfundisha mwanafunzi kuangalia mpangilio wa gia wa chombo kilichopo. Katika pikipiki nyingi gia ya kwanza hukanyagwa chini na nyingine huinuliwa juu, na gia huru, ambayo mafundi huiita fri, hukaa baina ya ya kwanza na ya pili. Lakini ziko ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja. Mwanafunzi azoee kuuliza na kujaribu kabla ya kuondoka kwa chombo cha kuazima.

Somo la pili: mwendo wa miguu

Katika hatua hii injini bado imezimwa. Mwanafunzi aketi, wenziwe wawili wamsukume kwa mwendo wa mtu anayetembea, naye asimamishe kwa amri. Hapa ataihisi breki ya mbele kwa mara ya kwanza.

Breki hii imesingiziwa mengi. Vijana huambiana barazani, "Usiguse ya mbele, itakurusha." Mwanafunzi aliyekwisha kusikia hayo atafika kwako akiwa na nia ya kutumia mguu tu. Usimjibu kwa maneno. Mwambie aisukume pikipiki kwa mikono akiwa kando yake, kisha avute breki ya mbele taratibu. Ataona vizibo vya mbele vikididimia. Hapo mweleze kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, kama abiria wa daladala wanavyoinama mbele dereva anapofunga breki. Gurudumu la mbele linapolemewa na uzito hushika ardhi zaidi, na la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana katika lami kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha hutoka mbele. Anayetumia breki ya nyuma peke yake ameiacha sehemu iliyo bora ya breki zake bila ya kuitumia.

Kinachomrusha mtu ni kuibana breki kwa mshtuko, au kuibana huku usukani umepinda, au juu ya mchanga na matope. Kwa hiyo mwanafunzi aivute kama anayekamua tui, si kama anayeua mbu. Mvua za masika zinapolowesha udongo wa mashambani, apunguze mwendo mapema, auweke usukani sawa, na aitumie breki ya mbele kwa upole sana.

Baada ya hapo injini iwashwe. Gia ya kwanza iingizwe, na mwanafunzi aiachie klachi mpaka ahisi pikipiki inataka kwenda, kisha aivute tena. Arudie hivyo bila ya kwenda zaidi ya hatua mbili, miguu ikiwa chini. Mahali hapo klachi inapoanza kushika hapafundishiki kwa maneno. Kila pikipiki ina pake, na mkono lazima upatafute.

Somo la tatu: hesabu ya kusimama

Hapa mwalimu wa hesabu na mwalimu wa pikipiki wanakutana. Chombo kinachokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Tuseme mwanafunzi anachukua sekunde moja kutambua hatari na kuanza kufunga breki. Katika sekunde hiyo amekwisha kupita mita 11 bila ya kupunguza chochote. Tuseme tena kwamba breki zake zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Atahitaji mita 12 nyingine. Jumla ni mita 23.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde ya kwanza humla karibu mita 17, na kusimama kwenyewe karibu mita 28. Jumla ni kiasi cha mita 44 hadi 45. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini masafa yamekaribia kuwa maradufu.

Hesabu hii isiachwe ubaoni. Wanafunzi watoke nje, wapime mita 23 na mita 45 kwa kamba, wasimamishe fimbo, na kila mmoja asimame mwanzoni na kutazama. Mwanafunzi mmoja aliitazama fimbo ya pili kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naomba Mungu tu." Tena wajue kwamba sekunde ile moja ni ya mtu ambaye mkono wake unajua kazi. Anayefumba kiganja cha kushoto kwanza, kisha akazinduka, ametumia sekunde mbili.

Adabu za njiani

Kuendesha si kazi ya mikono tu. Pikipiki hupita katikati ya watu wenye mila zao, na mpandaji ni mmoja wao.

La kwanza ni salamu. Katika visiwa vyetu kumpita mtu mzima bila ya kumsalimu ni utovu wa adabu, na mkono wa heshima ni wa kulia. Lakini huo ndio mkono ulioshika mafuta na breki ya mbele. Mwanafunzi akiuinua ameacha vyote viwili kwa wakati mmoja. Akiuinua wa kushoto amemvunjia mzee heshima na ameiacha klachi. Nimeona wanafunzi wakitaabika na jambo hili kuliko gia. Jawabu ni kuinamisha kichwa kidogo na kutoa salamu kwa sauti, baada ya kupunguza mwendo. Akiwa ni mzee anayestahili zaidi ya hapo, basi mpandaji asimame kando, azime injini, na amsalimu kama inavyopasa. Hakuna mzee aliyewahi kulalamika kwamba kijana alisimama. Vivyo hivyo, penye jeneza mpandaji asimame na azime injini, na penye msikiti wakati wa sala apite polepole bila ya honi wala kuungurumisha.

La pili ni abiria. Wanawake wengi hukaa upande kwa sababu ya mavazi, na pindo la buibui au kanga huweza kuvutwa na mnyororo au sindano za gurudumu. Pikipiki zinazoundwa India aghalabu huwekewa kizuizi kando ya gurudumu la nyuma kwa sababu ya sari. Wengi wetu hukiondoa wakidhani ni pambo. Kisiondolewe. Mpandaji asiondoke kabla ya kuangalia kwamba nguo zimekusanywa, na abiria naye ajue kwamba katika kona anafuata mwili wa mpandaji, hajivuti kinyume.

La tatu ni mizigo. Pakacha la embe au mfuko wa nazi usitundikwe kwenye usukani. Mzigo unaoning'inia huuvuta usukani upande mmoja, huyumba katika kona, na huweza kuuzuia wenzo wa breki usivutike. Mzigo wote ukae nyuma, ufungwe, na usizidi upana ambao mpandaji ameuona kwa macho yake kabla ya kuketi.

La nne ni kofia ngumu. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza mashuhuri wa vita vya Uarabuni, aliwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka na pikipiki yake, akafa baada ya siku sita kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia ni Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns alilichunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake juu ya majeraha ya vichwa ya wapanda pikipiki. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza likawaamuru wapandaji wake kuvaa kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hizo hupunguza hatari ya kifo kwa kiasi cha asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Manufaa hayo hayapatikani kwa kofia iliyotundikwa kwenye kioo, wala kwa ile ambayo mkanda wake haukufungwa. Mwanafunzi aifunge hata katika somo la injini iliyozimwa, ili nayo iwe mazoea.

Kupima maendeleo

Mtihani wa maneno haufai peke yake. Kijana wangu wa mtaroni angelishinda mtihani wa maneno. Mwalimu apime mambo matatu: je, mwanafunzi hutii amri ya ghafla kwa mfuatano uliotakiwa, je, huweza kusimama ndani ya alama iliyochorwa kwa breki zote mbili, na je, huuangalia usukani na gia za chombo kigeni kabla ya kuondoka?

Tena napendekeza kwamba katika daftari la kuandikishia wanafunzi kuwe na safu moja zaidi. Baada ya jina na umri, mwalimu aulize: umewahi kuendesha chombo gani? Anayejibu baiskeli, anayejibu Vespa, na anayejibu skuta ya umeme hawahitaji somo moja. Wa mwisho kujibu, yule asiyewahi kupanda chochote, atachelewa katika mizani lakini mkono wake wa kushoto hauna la kusahau.

Kijana niliyemtaja alipona na akarudi uwanjani. Tulianza upya, stendi ikiwa imesimamishwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Siku ya nne nilipopaza sauti ghafla, kiganja chake cha kushoto kilibaki wazi, nacho cha kulia kikafanya kazi yake. Ndipo nikampa ufunguo.